Nasaba: muulize mzee kabla ya kuuliza kabati

SIB, OMAN - Hapa Sib, magharibi ya Maskati, Kiswahili cha Unguja utakisikia bila ya kukitafuta. Kimekuja na waliohama baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na waliorejea Oman Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970. Wazee hao wanapungua, na wajukuu wanaulizana: bibi yetu alikuwa mtoto wa nani?

Waraka wa kwanza ni jina lenyewe. Fulani bin Fulani bin Fulani, na kabila mwishoni, hukurudisha vizazi vitatu au vinne. Lakini jina linafuata baba tu. Bibi Mmakunduchi, au Myao aliyeletwa Unguja utumwani, hayumo.

Huyo mtafute kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Zimo hati za mashamba, wakfu na mirathi. Na mirathi huwataja wake na mabinti, maana sheria imewapa fungu lao. Zipo pia kumbukumbu za watumwa walioachwa huru baada ya amri ya 1897. Kwa upande wa Oman, mamlaka ya nyaraka iliundwa mwaka 2007.

Hata hivyo, kabati hizo hazifunguki kwa neno "bibi". Zinataka jina kamili, mtaa au shamba, na mwaka. Hayo anayo mzee wako. Mkalie kitako wiki hii, na majina ya wanawake usiyaruke. Akishazikwa, huna wa kumuuliza.