Nyasi Zinazotaka Kuvunwa

Kwenye mabonde yenye unyevu ya kaskazini mwa Marekani na Kanada huota nyasi ambazo wanasayansi huziita Hierochloe odorata. Zikiwa mbichi hazinukii sana. Zikikatwa na kuanza kunyauka, vimeng'enya vyake huvunja kemikali iliyofungamana na sukari, nayo kemikali nyingine iitwayo kumarini hutoka na harufu tamu inayokaribia vanila. Kwa hiyo Wamohawk, Waanishinaabe na wenyeji wengine huzikausha, huzisuka misokoto ya nyuzi tatu, huzifukiza kwenye ibada na kuzifuma katika vikapu vyao.

Nyasi hizi zimepungua sehemu nyingi, na wapo wanaoona dawa ni kuziacha zipumzike. Rai hiyo inaingia akilini, lakini shamba limeikataa. Huko New York, utafiti uliosimamiwa na Robin Wall Kimmerer, mtaalamu wa mimea wa taifa la Potawatomi, ulilinganisha viwanja vilivyovunwa nusu na vingine visivyoguswa. Kuna vilivyochumwa bua moja moja, kuna vilivyong'olewa kwa vishungi. Njia zote mbili zilistawisha nyasi; viwanja vilivyoachwa ndivyo vilivyodhoofika. Fukua udongo kidogo utaona sababu: mashina meupe membamba yanatambaa chini, na kila pingili ina jicho. Mmea huu huenea kwa mashina hayo zaidi kuliko kwa mbegu, maana mbegu zake nyingi hazioti. Mvunaji anapoondoa majani, ya mwaka jana yakiwemo, mwanga hupenya na macho yaliyolala huchipua.

Mtu atauliza: je, huku si kuwapa ruhusa wafanyabiashara wenye pupa? La. Kilichopimwa ni nusu, si kufagia kiwanja kizima, na nusu hiyo ndiyo mipaka ambayo wavunaji wenyeji wamejiwekea tangu zamani. Tena kuvuna hakuwezi kuokoa bonde lililokaushwa maji. Huko hakuna budi kupanda upya. Huko Kanatsiohareke, makazi ya Wamohawk, Daniela Shebitz na Kimmerer walipandikiza miche na kuchapisha matokeo mwaka 2005: ilistawi zaidi palipopaliliwa au palipopandwa mmea wa jamii ya kunde, ikadumaa palipobaki magugu. Anayepanda, basi, apalilie kwanza, asubiri mashina yatambae, kisha aanze kuvuna bila woga.