Je, Anayekutibu Alisomea Wapi?

Wagonjwa wa hapa Kimumu huniuliza swali moja mara kwa mara, hasa wale waliokwisha kupita kwingine kabla ya kufika kwangu. "Daktari, hawa wanaotibu kwa sindano na miti shamba ya Kichina, wamesoma kama nyinyi au ni waganga tu?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Tukipewa dawa ya miti shamba, wengi wetu huichunguza dawa yenyewe: ni ya mti gani, ni chungu kiasi gani, inauzwa pesa ngapi. Ni wachache wanaomchunguza aliyeitoa. Nani alimfundisha? Kwa muda gani? Na nani alimpima kabla hajaruhusiwa kumshika mgonjwa?

Leo, mpenzi msomaji, tulitazame jambo hilo. Tutaanzia Uchina na Korea Kusini, ambako tiba ya jadi husomewa chuo kikuu, tuone matabibu wa huko wanayaonaje masomo yao. Kisha tutarudi nyumbani.

MIAKA MITANO, MIAKA SITA

Kwa karne nyingi, aliyetaka kuwa tabibu Uchina alijifunza kwa baba yake au alikaa miguuni pa mwalimu mmoja kwa miaka. Mwaka 1956 serikali ya nchi hiyo ilifungua vyuo vinne vya tiba ya jadi katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Vingine vingi vilifuata. Siku hizi shahada ya kwanza huchukua miaka mitano. Mwanafunzi husoma vitabu vya kale vya tiba ya Kichina, hujifunza kupima mapigo ya mkono, kuchoma sindano na kuchanganya dawa. Papo hapo husoma jinsi mwili ulivyoundwa, kazi za viungo na magonjwa, kama asomavyo mwanafunzi wa udaktari wa kisasa. Akihitimu hufanya kazi chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa taifa wa leseni.

Korea Kusini sheria ya mwaka 1951 iliwatambua matabibu wa jadi sambamba na madaktari wa kisasa, kila upande na leseni yake. Masomo huchukua miaka sita, na hufundishwa katika vyuo 12. Miongoni mwa vitabu wanavyovienzi ni Donguibogam, kazi ya tabibu wa mfalme aliyeitwa Heo Jun, kilichochapishwa mwaka 1613. Wanafunzi wanaoingia vyuo hivyo ni wale waliopata alama za juu kabisa shuleni.

Basi jibu la swali la wagonjwa wangu ni kwamba aliyepitia njia hiyo amesoma kwelikweli. Ila si kila aliyetundika picha ya joka ukutani ameipitia.

WENYEWE WANASEMAJE?

Jambo la kuvutia ni kwamba matabibu hao, pamoja na miaka yote hiyo ya darasani, hawayasifu masomo yao bila kasoro. Wana manung'uniko ya muda mrefu, na yana mafunzo kwetu.

La kwanza ni mzigo wa elimu mbili kwa pamoja. Mshika mbili moja humponyoka. Wazee wa tiba ya Kichina wamelalamika kwamba muda mwingi unachukuliwa na masomo ya kisasa, hata kijana anahitimu bila kukisoma kitabu cha kale akakielewa. Wengine wanajibu kwamba tabibu asiyejua kutambua saratani au ugonjwa wa moyo ni hatari kwa mgonjwa, hata kama anavijua vitabu vya kale kwa moyo.

La pili ni kitabu bila mkono. Kupima mapigo ya mkono hakufundishwi ubaoni. Serikali ya Uchina iliuona upungufu huo, na mwaka 1990 ikachagua wazee mashuhuri 500 wa tiba ya jadi na kuwapa matabibu ambao tayari walikuwa wamehitimu wakae nao kwa miaka mitatu, kama mwana na baba. Yaani baada ya zaidi ya miaka 30 ya vyuo, nchi ile ilirudi kumtafuta mwalimu wa zamani. Hata Korea, wengi wakishapata leseni hufungua kliniki zao moja kwa moja, na wapo wanaosema kwamba walifundishwa nadharia nyingi na wagonjwa wachache.

La tatu ni mipaka ya kazi. Tabibu mmoja wa jadi wa Korea alishtakiwa kwa kumpima mwanamke mmoja tumbo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile wanayopimwa akina mama wajawazito, zaidi ya mara 60 kati ya mwaka 2010 na 2012. Baadaye mwanamke huyo aligunduliwa kwingineko kuwa na saratani ya mji wa mimba. Mahakama za chini zilimtia tabibu hatiani kwa kutumia chombo kisichokuwa cha leseni yake. Desemba 2022, Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba matabibu wa jadi hawakatazwi kutumia mashine hiyo. Madaktari wa kisasa walipinga vikali. Wewe msomaji waweza kuegemea upande wowote, lakini swali la mgonjwa linabaki palepale: kuruhusiwa kushika chombo na kufundishwa kukisoma ni mambo mawili.

KWETU NI KINYUME CHAKE

Sasa turudi huku kwetu. Wenzetu wanalalamika kwamba wana kitabu bila mkono. Sisi tuna mkono bila mtihani.

Miongoni mwa Wakalenjin, mjuzi wa dawa za miti, mara nyingi mwanamke, huitwa chepkerichot. Hujifunza kwa kumfuata mama au nyanya yake msituni: mti upi huchunwa gome, upi huchimbwa mzizi, na upi haugusiwi mtoto mchanga. Kule Kisii kuna mfano ulioshangaza hata madaktari wa Ulaya: omobari, mpasuaji wa fuvu la kichwa. Ujuzi wake ulipitishwa ndani ya ukoo. Mwanafunzi alianza kwa kusaidia, akitazama mwalimu akikwangua mfupa bila kuugusa ubongo, mpaka siku aliyokabidhiwa kisu. Huo ni uanagenzi kamili, na ndio hasa wazee wa Kichina wanaoulilia.

Lakini njia hiyo ina kasoro tatu. Ya kwanza ni siri. Mwalimu huficha dawa moja au mbili hadi siku za mwisho, na mara nyingine kifo humtangulia. Ya pili ni kwamba hakuna anayempima mwalimu mwenyewe. Akiwa na kosa, kosa hilo hurithiwa pamoja na dawa. Ya tatu ni hesabu: mgonjwa aliyepona husimulia mji mzima, naye aliyezidiwa hupelekwa hospitali au makaburini, na mganga hasikii habari zake tena. Bila kuandika, ujuzi hujengwa juu ya waliopona tu.

Sheria nayo haikusaidia. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilitungwa na wakoloni kwa ajili ya wachawi na wapiga ramli, lakini kivuli chake kiliwaangukia hata wachimba dawa wa kawaida, na anayefanya kazi kwa kujificha hawezi kufungua shule. Hata baada ya uhuru, kwa miaka mingi waganga wa Kenya waliandikishwa na idara ya utamaduni, si wizara ya afya. Cheti cha utamaduni kinamtambua mtu kama mtunza mila. Hakisemi kama anajua dalili za figo zinazoshindwa kazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ndiyo iliyoagiza kuwe na sera ya tiba ya jadi, chombo cha kuisimamia kitakachoundwa kwa sheria ya Bunge, na utaratibu wa kuwapeleka wagonjwa hospitali.

Majirani zetu wana hatua zao. Tanzania ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Sheria yao ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalowaandikisha waganga. Ghana ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2001 chuo kikuu cha Kwame Nkrumah mjini Kumasi kilianza kutoa shahada ya tiba ya miti shamba.

JINA MOJA, MIMEA MIWILI

Huenda ukasema: kwani masomo yote hayo ya nini, na miti ni ile ile ya Mungu? Nikupe kisa cha Brussels, Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kliniki moja ya huko iliwapa wanawake vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa na miti shamba ya Kichina. Mmea uliokusudiwa huitwa fang ji. Lakini kuna mimea miwili tofauti inayoitwa fang ji, na uliotiwa ndani ulikuwa ule wa pili, wenye sumu ya figo. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo. Wengi walihitaji kusafishwa damu kwa mashine au kuwekewa figo nyingine, na baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo baadaye.

Hapo ndipo elimu inapookoa au inapokosekana kuua. Nasi tuna majina yetu: mti mmoja unaitwa hivi Uasin Gishu na vingine Kakamega, na jina moja hubeba miti miwili.

Upande wa pili kuna kisa cha heri. Bi. Tu Youyou wa Uchina alisomea dawa za kisasa, akahitimu mwaka 1955, kisha akasomea tiba ya jadi kwa zaidi ya miaka miwili. Alipotafuta dawa ya malaria, alisoma kitabu cha karne ya nne kilichosema mmea wa qinghao ulowekwe majini na kukamuliwa. Akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akaitoa kwa njia isiyohitaji joto kali. Kutokana na kazi hiyo tuna vidonge vya AL unavyopewa ukipatikana na malaria, naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Angejua upande mmoja tu, huenda asingefika. Usielewe kwamba basi uchemshe majani hayo nyumbani: Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai yake kwa kutibu malaria, maana kipimo chake hakijulikani.

NASI MADAKTARI JE?

Haki ni haki. Chuo Kikuu cha Moi hapa Eldoret kilipoanza kufundisha madaktari mwaka 1990, kiliamua kuwapeleka wanafunzi vijijini wakaishi karibu na watu na kujifunza maradhi yanakotoka. Ni sifa njema. Hata hivyo, daktari wa kawaida wa Kenya, popote aliposomea, hakufundishwa mengi juu ya miti ambayo wagonjwa wake hunywa. Ndiyo sababu wengine wetu hukemea badala ya kuuliza, na mgonjwa aliyekemewa mara moja hasemi tena.

Ukimya huo ni hatari. Mama mmoja wa mtaa huu aliye na kisukari alikuja kwangu akitetemeka na kutoka jasho jembamba. Alikuwa akimeza vidonge vyake na papo hapo akinywa dawa chungu ya mti inayoshusha sukari. Hakuna aliyekuwa amekosea peke yake: mganga hakuuliza juu ya vidonge, na hospitali haikuuliza juu ya mti. Sukari ilishuka mno. Alinusurika kwa kuwahi.

UFANYE NINI?

Sikukatazi kwenda kwa mganga wala kwa kliniki ya Kichina. Nakuomba uulize maswali haya kabla hujameza chochote:

1. Ulijifunza kwa nani, na kwa miaka mingapi? Aliyefundishwa vizuri hujibu kwa fahari. Anayekasirika, mwage kwaheri.

2. Una leseni ya kutibu au kibali cha biashara tu? Kibali cha kaunti cha kufungua duka si leseni ya tabibu.

3. Dawa hii ni mti gani, na imechanganywa na nini? Ukiambiwa ni siri, usinywe.

4. Ni maradhi gani usiyoyatibu? Hili ndilo swali kuu. Mjuzi wa kweli anajua mwisho wa ujuzi wake. Anayedai kutibu kila kitu, kuanzia UKIMWI hadi kukosa kazi, hajafundishwa na yeyote.

5. Nikizidiwa utanipeleka wapi? Ajibu bila kusitasita.

Uwe macho na unga unaoondoa maumivu ya viungo kwa usiku mmoja na kukufanya uvimbe uso. Huenda umetiwa dawa kali za dukani kwa siri. Usiache vidonge vya kisukari, shinikizo la damu, kifafa, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI kwa sababu umeanza dawa ya mti. Mjamzito na mtoto mchanga wasipewe dawa yoyote ya miti bila daktari kujua. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukipungua, au miguu ikivimba baada ya kunywa dawa ya aina yoyote, iache na uende hospitali siku hiyo hiyo. Chukua na kilichobaki, hata kama ni gome tu ndani ya gazeti.

Na ukifika kwa daktari, mwambie yote. Akikukemea, mwambie tena. Naye pia muulize alikosomea na kama leseni yake ya mwaka huu ni hai. Una haki ya kuuliza, na daktari wa kweli hataona vibaya.