Nani Ameupa Wimbo Jina? Mwongozo kwa Msikilizaji wa Muziki Mtandaoni

Mtumiaji anayefungua programu ya muziki kwenye simu yake hupokea huduma mbili kwa pamoja: nyimbo zenyewe, na uchaguzi wa wimbo utakaofuata. Huduma ya kwanza anaifahamu. Ya pili huletewa bila kuulizwa, ilhali huilipia kwa bando lake, muda wake na taarifa zake binafsi. Katika makala haya tunaeleza jinsi uchaguzi huo unavyofanyika, kwa nini majina ya aina za muziki yanabishaniwa, na hatua ambazo msikilizaji anaweza kuchukua.

Majina yalivyopatikana zamani

Dar es Salaam ina desturi ya siku nyingi ya kuupa muziki majina. Enzi za muziki wa dansi kila bendi ilikuwa na mtindo wake. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilijulikana kwa Msondo. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilijulikana kwa Sikinde, jina lililotokana na ngoma ya Wazaramo. Waliokwenda kucheza katika ukumbi wa DDC Kariakoo hawakuhitaji kuandikiwa tofauti ya mitindo hiyo. Baadaye, katika miaka ya 1990, likaja jina la Bongo Fleva, likichukua lakabu ya jiji lenyewe. Kisha Manzese, Tandale na Mburahati zikatoa singeli.

Majina hayo yalitoka kwa wapigaji, watangazaji wa redio na mashabiki. Yalibishaniwa, lakini waliobishana walikuwa wakiusikiliza muziki huo huo, na mnunuzi wa kanda Kariakoo aliweza kumuuliza muuzaji ana kwa ana.

Majina yanavyotolewa leo

Katika huduma za mtandaoni, wimbo hupangwa katika kundi kwa njia kuu tatu.

Kwanza, anayeupandisha wimbo hujaza fomu yenye orodha ya aina za muziki. Orodha hizo aghalabu zimetungwa nje ya nchi. Msanii asiyeikuta singeli humo hulazimika kuchagua jina lililo karibu, hata kama haliufai muziki wake.

Pili, kompyuta hupima sauti ya wimbo: kasi, mdundo na ala. Vipimo hivyo vina udhaifu unaojulikana, kwamba kasi inaweza kusomwa nusu au mara mbili ya ilivyo. Singeli, ambayo mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, inaweza kusomwa kama muziki wa mwendo wa wastani.

Tatu, na lenye nguvu zaidi, ni mwenendo wa wasikilizaji. Nyimbo zinazosikilizwa na watu wale wale huhesabiwa kuwa jamaa moja. Ukiuruka wimbo, ukiurudia au ukiuhifadhi, unatoa kura bila kujua.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Wapo wasanii wa Bongo Fleva wanaokubali kuwekwa chini ya jina la Afrobeats, lenye asili ya Afrika Magharibi, kwa kuwa huwafikisha kwa wasikilizaji wengi zaidi. Wapo wanaosema kwamba jina hilo linawameza. Mjadala huu si wa Tanzania peke yake: mwezi Septemba 2024, Tyla wa Afrika Kusini, alipopokea tuzo ya MTV ya Afrobeats, alieleza jukwaani kwamba muziki wa Afrika ni mpana kuliko jina hilo.

Jina huamua wimbo utapendekezwa kwa nani, na mapendekezo huamua malipo. Spotify, iliyoanza huduma zake nchini mwaka 2021, huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30. Na tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 haumpatii mwenye rekodi mrabaha. Hivyo msanii aliyewekwa kundi lisilo lake anaweza kukosa wasikilizaji, na pamoja nao, malipo.

Msikilizaji naye ajue kwamba pendekezo si lazima liwe limetokana na ladha yake. Mwaka 2020 Spotify ilitangaza mpango ambao mwenye wimbo hukubali kulipwa kiwango kidogo zaidi ili wimbo wake upewe nafasi zaidi katika baadhi ya mapendekezo.

Tunachowashauri watumiaji

1. Tafuta kwa jina. Andika jina la msanii, bendi au mtindo badala ya kungoja kuletewa. Utafutaji wako unaweza kubadilisha mapendekezo yajayo.

2. Zima mpangilio unaoendeleza muziki wenyewe orodha yako inapokwisha. Saa moja ya muziki wa kilobiti 96 kwa sekunde hutumia takriban MB 43; ya kilobiti 320 hutumia takriban MB 144. Simu iliyoachwa ikiimba usiku kucha humaliza kifurushi kwa nyimbo ambazo hukuzichagua.

3. Soma masharti kabla ya kujiunga. Kipindi cha majaribio ya bure mara nyingi hugeuka kuwa malipo yanayojirudia. Andika tarehe ya mwisho, na ujue namna ya kujiondoa.

4. Linda taarifa zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje na kukataa zisitumike kwa matangazo ya biashara. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

5. Ukikatwa salio kwa huduma ya muziki ambayo hukujiunga nayo, lalamika kwanza kwa kampuni yako ya simu na uhifadhi ujumbe wa makato. Usiporidhika na majibu, peleka lalamiko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Pendekezo ni ushauri tu, na mtumiaji hafungwi nalo. Anayejua kuwa anapenda mchiriku, taarab au dansi, na kuutafuta kwa jina lake, huokoa bando lake na humpa mpigaji wa muziki huo nafasi ya kusikika.