Tui, Kasimele na Chicha: Msamiati Unaobeba Maarifa ya Upishi

Utangulizi

Katika upwa wa Afrika Mashariki, mpishi hasemi kwamba ametia maziwa ya nazi katika mchuzi. Husema ameuunga kwa tui. Istilahi "maziwa ya nazi", ambayo hujitokeza katika mapishi yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, inaeleweka bila shaka. Hata hivyo, inaficha jambo la msingi: tui si kitu kimoja. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi msamiati wa tui unavyohifadhi maarifa ya upishi, kwa kulinganisha mapishi ya Waswahili na ya jamii nyingine zinazotumia nazi.

Kutoka nazi hadi tui

Kiswahili huyapa majina makuzi ya tunda la mnazi: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi na hatimaye mbata. Dafu hutoa maji ya kunywa, ilhali tui hutokana na nyama ya nazi iliyokomaa. Nazi hufuliwa makumbi, huvunjwa, hukunwa kwa mbuzi, kisha hukamuliwa katika kifumbu au chujio. Mkamuo wa kwanza, wenye maji machache au usio na maji kabisa, huitwa kasimele. Chicha zinazobaki hutiwa maji na kukamuliwa tena, likapatikana tui jepesi.

Tui la chumvi na tui la sukari

Tofauti hiyo si ya majina tu. Mpishi wa mbaazi za nazi huzichemsha mbaazi hadi ziive, akazitia tui jepesi zikatokota, kisha akamalizia kwa kasimele. Sababu yake ni kwamba tui ni mchanganyiko wa maji na matone madogo ya mafuta, na protini za nazi ndizo zinazoyazuia matone hayo yasiungane. Moto mkali huziharibu protini hizo. Mafuta hujitenga na maji, na wapishi husema kwamba tui limekatika. Ndiyo maana kasimele huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, huku mpishi akikoroga bila kukoma.

Utaratibu huo hufuatwa pia katika ndizi mbivu za nazi, chakula kitamu cha sukari na iliki ambacho aghalabu huandaliwa kwa futari katika mwezi wa Ramadhani. Chumvi hupisha sukari, lakini ngazi za tui hubaki zile zile.

Hali kadhalika, Wafilipino huliita tui gata, na tui zito la mkamuo wa kwanza huliita kakang gata. Kutokana na neno gata wameunda jina ginataan, yaani chakula kilichopikwa kwa tui, kiwe cha kamba na chumvi au cha ndizi, viazi vitamu na sukari. Kiswahili nacho hutumia kihusishi kimoja kwa pande zote mbili: wali wa nazi, samaki wa nazi, ndizi za nazi. Kwa upande mwingine, Wasinhala wa Sri Lanka hupika kiribath, wali wa tui unaoliwa asubuhi ya mwaka wao mpya mwezi wa Aprili. Katika lugha yao, kiri ni maziwa. Kwa hiyo kuliita tui maziwa si kosa la kimantiki. Ni uamuzi wa lugha fulani, na Kiswahili kiliamua vingine.

Kukatika kwa tui: kasoro au lengo?

Linalokemewa katika jiko moja huweza kusifiwa katika jingine. Mpishi wa Mombasa huona haya mchuzi wake wa kupaka ukikatika. Nchini Thailand, kinyume chake, mpishi wa mchuzi wa viungo huchemsha tui zito makusudi mpaka mafuta yajitenge, kisha hukaanga viungo vilivyopondwa katika mafuta hayo. Wala hilo si la Wathai pekee. Waminangkabau wa Sumatra Magharibi hupika nyama katika tui kwa saa nyingi. Kikiwa bado na mchuzi mwingi, chakula hicho huitwa gulai. Mchuzi ukipungua na kuwa mzito huitwa kalio. Ukikauka kabisa na nyama ikageuka rangi ya hudhurungi iliyokoza katika mafuta ya nazi, huwa rendang. Kama vile Waswahili walivyozipa majina hatua za nazi, Waminangkabau walizipa majina hatua za tui jikoni.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba maneno haya si mapambo. Agizo la "ongeza maziwa ya nazi" halimwambii mpishi ni tui lipi, wala aliongeze lini. Agizo la "malizia kwa kasimele, lisikatike" humweleza kiungo, wakati, kiasi cha moto na hatari iliyopo, yote kwa maneno manne. Siku hizi tui huuzwa pia katika pakiti na mikebe, tayari limekamuliwa. Kijana anaweza kupika wali mtamu wa nazi bila kuwahi kuviona kifumbu wala chicha. Hilo si la kulaumiwa. Lakini neno lisilotamkwa jikoni halina pa kuishi isipokuwa kamusini. Wanafunzi wa Kiswahili, hususan wanaofanya utafiti wa msamiati, hawana budi kuketi na wapishi wazee wa pwani na kuyarekodi maneno haya pamoja na kazi yake, kabla hayajabaki chicha zisizo na tui.