Redio iliyotumalizia betri usiku wa manane

ILIKUWA yapata saa nane za usiku mtoto wetu wa pili alipoanza kukohoa na kukosa pumzi. Ana pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Mama yake alimfunika leso, nami nikakimbilia gari. Nilipozungusha ufunguo, injini haikunguruma. Ulisikika mlio mmoja tu, "tik", kisha kimya.

Majirani walitoka wakiwa wamejitanda mablanketi, wakatusukuma hadi langoni, na hapo gari likawaka. Tulifika hospitalini salama na mtoto akapata nafuu kabla ya mapambazuko. Lakini swali lilinikaa rohoni. Betri ilikuwa na miezi mitano tu. Nani aliyeimaliza?

Jibu nililipata Jumatatu kwa mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari. Hata hakuigusa betri. Aliniambia nichomoe ufunguo, kisha akabonyeza redio niliyokuwa nimewekewa wiki mbili awali. Ikaimba!

"Mwizi wako ndiye huyu," akasema.

Nikakumbuka. Ijumaa jioni tulipopita penye matanga, tuliipunguza redio sauti hadi ikanyamaza. Tulipofika nyumbani nilichomoa ufunguo nikidhani imezimika. Kumbe ilikuwa macho chini ya turubai, ikinyonya betri kwa zaidi ya saa 30. Redio ikila saa-ampea moja tu kila saa, hizo ni 30, na betri yangu ni ya saa-ampea 45. Kilichobaki hakikutosha kuizungusha injini.

Ngazi nne za ufunguo

Msomaji, huenda unaendesha gari kila siku bila kuyatazama maandishi yanayozunguka tundu la ufunguo. La kwanza ni LOCK. Hapo ndipo ufunguo huingia na kutoka, na usukani hujifunga ili mwizi asiende na gari. La pili ni ACC. Injini bado imelala, lakini redio hupata umeme.

La tatu ni ON. Taa za dashibodi huwaka na vifaa vyote huamka. Hapo ndipo ufunguo hukaa gari likiwa safarini. La nne ni START, ambalo hushikiliwa kwa sekunde chache tu, kisha ufunguo hurudi wenyewe kwenye ON.

Je, umewahi kusikia redio ikinyamaza kidogo unapowasha gari? Huo si ubovu. Stata huhitaji ampea 100 au zaidi, kwa hiyo swichi huinyima redio umeme kwa muda ili nguvu ziende kwa stata.

Ukimsubiri mtu sokoni na unataka kusikiliza taarifa ya habari, tumia ACC. Kwenye ON, injini ikiwa imezimwa, vifaa vingi hula betri bure. Hata magari yenye kitufe badala ya ufunguo yana ngazi hizi hizi. Katika mengi yao, ukibonyeza mara moja bila kukanyaga breki unafika ACC, na mara ya pili unafika ON.

Nyaya tatu zenye roho ya redio

Wengi wetu hubadilisha redio kwa sababu gari limetoka Japani. Redio za huko hushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90 au 95, ilhali vituo vyetu hufika 108. Hapo ndipo fundi wa kando ya barabara huitwa.

Redio mpya huja na nyaya nyingi za rangi. Nyingi ni za spika. Lakini tatu ndizo roho yake. Waya mweusi hufungwa kwenye bodi ya gari. Wa manjano hupata umeme wa betri wakati wote ili redio isisahau saa na vituo. Kazi hiyo hula umeme kidogo mno. Waya mwekundu ni lazima upitie swichi ya ufunguo, kwenye ACC. Huo ndio unaoiambia redio iamke au ilale.

Fundi wangu wa kwanza aliusokota mwekundu pamoja na wa manjano, kazi ikaisha kwa dakika kumi. Redio yangu ikawa haijui kulala.

Tena, rangi za nyaya za redio si lazima zilingane na za gari lenyewe. Fundi mwema hupima kwa mita, hakisii kwa macho. Kwanza hufungua kichwa cha hasi cha betri. Plagi za manjano zilizo chini ya usukani hazigusi, kwa kuwa mara nyingi ni za mfuko wa hewa, ambao unaweza kulipuka na kumjeruhi. Na fyuzi ikiungua, huweka nyingine ya kiasi kile kile. Anayeweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi anakaribisha moto ndani ya gari.

Jipime leo

Huhitaji chombo chochote. Chomoa ufunguo, kisha jaribu kuiwasha redio. Ikiwaka, huenda waya mwekundu umefungwa pabaya. Weka ufunguo kwenye ACC. Redio sharti iitike. Sasa zima na uwashe tena. Ikiwa imesahau saa na vituo vyote, basi waya wa manjano ndio uliopotea njia. Rudi kwa fundi na umweleze hivyo hivyo.

Pia, usiwaachie watoto ufunguo ndani ya gari ili wasikilize muziki. Kutoka ACC hadi START ni mzunguko mdogo wa mkono, na gari lenye gia za mkono likiachwa ndani ya gia linaweza kuruka.

Mzee yule alitenganisha zile nyaya mbili kwa muda usiozidi nusu saa. Siku hizi, kabla ya kulala, mama watoto hukagua dawa ya pumu, nami hutoka kuchungulia chini ya turubai nione kama pana mwanga.