Je, Wajua? Mwalimu wa Kiswahili Ughaibuni

Je, wajua kwamba Waswahili walianza kulipwa kwa kufundisha lugha yao huko Ulaya zaidi ya miaka 130 iliyopita? Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na Kiswahili kikaanza kufundishwa humo tangu mwanzo. Profesa alikuwa Mjerumani. Pembeni yake alihitajika mtu aliyezaliwa na lugha, na wa mwanzo waliletwa kutoka Unguja. Mmoja wao, Amur bin Nasur, alituachia habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe.

Wajua kwamba mwandishi wa kitabu maarufu cha *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa mwaka 1903, alikuwa mwalimu wa lugha ughaibuni? Mtoro bin Mwinyi Bakari alitoka Bagamoyo akafika Berlin mwaka 1900. Alikuwa msomi wa dini, mjuzi wa mila za pwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupigiwa mfano. Hayo yote hayakumkinga. Baadhi ya wanafunzi, wengi wao wakijiandaa kwenda kutawala nchi yake, walimvunjia heshima darasani. Alidai haki yake, hakuipata, akaacha kazi mwaka 1905. Akafunga safari ya kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, Bertha. Walipofika pwani, serikali ya kikoloni haikumruhusu mke wake kuingia nchini, ikabidi wageuze. Baadaye Mtoro alipata kibarua Hamburg, akamsaidia Profesa Carl Meinhof kufundisha Kiswahili, kisha akawa akizunguka miji ya Ujerumani kutoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1927, hukohuko Ujerumani.

Na je, wajua habari za Bayume Mohamed Husen? Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1929 akaenda Ujerumani kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa marehemu baba yake. Hakulipwa. Akabaki Berlin akifanya kazi ya kuhudumia wageni katika jumba la starehe, na kuanzia miaka ya 1930 akifundisha Kiswahili katika seminari ileile. Alifanya kazi mbili kwa sababu moja haikutosha. Alikufa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Leo liko jiwe dogo la shaba barabarani, mbele ya mahali alipokuwa akiishi, lenye jina lake.

Nimeanza na wazee hawa kwa makusudi. Anayetafuta kazi ya kufundisha Kiswahili ng'ambo leo anaingia katika fani yenye historia, na kila mmoja wao alisumbuliwa na jambo lililo hai mpaka sasa: lugha yako inatakiwa, lakini nafasi yako mezani huna budi kuidai, kwa mkataba wenye cheo, saa na mshahara ulioandikwa.

Wajua Kiswahili kinafundishwa wapi? London, katika chuo cha SOAS, tangu enzi za Alice Werner mwanzoni mwa karne ya 20. Beijing, katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni, tangu 1961. Osaka. Korea Kusini. Leipzig. Bayreuth. Marekani, vyuo vingi. Afrika Kusini ilikiidhinisha kama somo la hiari katika shule zake mwaka 2018.

Wajua kwamba waandishi wetu wakubwa waliishi kwa kazi hiyo? Abdilatif Abdalla, mtunzi wa *Sauti ya Dhiki*, alifundisha Leipzig kuanzia 1995 hadi 2011. Said Ahmed Mohamed alifundisha Osaka na Bayreuth. Sharifa Zawawi, Mzanzibari aliyefundisha New York, alitoa *Kiswahili kwa Kitendo* mwaka 1971, kitabu kilichowafikiria wanafunzi wanaotaka kuzungumza wala si kukariri kanuni tu.

Wajua kwamba serikali ya Marekani inakadiria kuwa mwanadiplomasia wake anahitaji wiki 36 za masomo ya kutwa kukimudu Kiswahili kwa kazi? Kiko kundi moja na Kijerumani, Kiindonesia na Kimalei. Kiarabu, Kichina na Kijapani vimepewa wiki 88. Hoja hii ibebe mfukoni: mkuu wa idara anayeogopa kuwa wanafunzi watakimbia somo gumu, mjibu kwa tarakimu.

Je, wajua mlango unaopitiwa na vijana wengi wa Kenya na Tanzania? Ni mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha za kigeni, ujulikanao kwa kifupi FLTA. Unakwenda Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, takriban miezi tisa. Unafundisha au kusaidia kufundisha kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, na wewe mwenyewe unasoma kozi chuoni, mojawapo ikihusu Marekani. Lazima uwe na shahada ya kwanza, na kwa kawaida uwe na umri wa miaka 21 hadi 29. Mwisho wa mkataba unarudi nyumbani. Wako wanaoukataa kwa sababu hautoi shahada, nami nasema wanakosea. Miezi tisa ya kusimama mbele ya darasa la wageni, na barua ya profesa aliyekuona ukifundisha, ni mtaji usionunulika.

Mlango wa pili ni mpana zaidi, ila hautangazwi kama kazi ya Kiswahili. Walimu wengi wa Kiswahili katika vyuo vya Marekani ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu: huyu anasoma isimu, yule elimu, mwingine historia. Chuo kinamlipia ada na kumpa posho, naye anafundisha Kiswahili cha mwaka wa kwanza. Kwa hiyo unapoomba nafasi ya kusoma, hata kama somo lako ni afya ya jamii, uliza mapema kama chuo kina programu ya lugha za Kiafrika na nani anayeiongoza.

Wajua kwamba mwenye viza ya mwanafunzi Marekani, ile ya F-1, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, na kwamba kwenda kufundisha nje ya chuo bila idhini kunaweza kumharibia kibali chake chote cha ukaaji? Darasa la Jumamosi kanisani au msikitini, ukilipwa, linahesabika kuwa kazi.

Wajua kwamba vyuo vikuu vya Marekani haviguswi na ule ukomo wa viza za H-1B, 65,000 pamoja na 20,000 za wenye shahada za juu, ambazo kampuni huzigombania kwa bahati nasibu? Chuo kinaweza kumwombea mwalimu wakati wowote wa mwaka. Mwalimu anayeambiwa kwamba bahati nasibu imeshapita anapaswa kulijua hili.

Twende Ujerumani. Karibu kila mji una chuo cha watu wazima kiitwacho Volkshochschule, mahali ambapo fundi bomba na muuguzi huja jioni kujifunza lugha, ushonaji au upishi. Miji mingi mikubwa huwa na Kiswahili katika orodha yake, na wanafunzi ni watu wenye safari ya Kilimanjaro, wakwe wa Mombasa, au mtoto anayejitolea Moshi. Ni mahali pazuri mno pa kuanzia. Lakini hesabu ifanye kabla ya kusaini. Mwalimu analipwa kwa kipindi, na kipindi ni dakika 45. Tuseme kozi ni ya jioni moja kwa wiki, vipindi viwili, kwa wiki 10: hapo una vipindi 20 vya kulipwa. Saa za kuandaa somo hazimo. Nauli ya treni mara nyingi haimo. Likizo haina malipo, na mwalimu wa kujitegemea hujilipia mwenyewe bima ya afya. Wanafunzi wasipofika idadi iliyowekwa, kozi inafutwa. Tena mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haruhusiwi kufanya kazi ya kujitegemea bila idhini ya ofisi ya wageni, hata kama viza yake inamruhusu kuajiriwa kwa siku kadhaa. Nimeona watu wazuri wakiumia kwa kutojua kipengele hicho kimoja.

Sasa tuingie chumba cha usaili, maana hapo ndipo wazawa wengi wa lugha wanapoangukia. Je, wajua kwamba utaombwa ufundishe? Si kujieleza, kufundisha, dakika 15 au 20, mbele ya watu wasiojua neno. Na Baraza la Marekani la Ufundishaji wa Lugha za Kigeni, ACTFL, linapendekeza angalau asilimia 90 ya muda darasani utumike kwa lugha inayofundishwa. Mwalimu anayeingia na kuanza kueleza ngeli kwa Kiingereza ubaoni ameshapoteza nusu ya alama. Mwenzake anaingia na kikapu. Anainua nyanya moja: "Hii ni nyanya." Anainua tatu: "Hizi ni nyanya." Anainua kikombe, kisha vikombe: "Hiki ni kikombe. Hivi ni vikombe." Anamkabidhi mwanafunzi kikombe na kumngoja. Mwanafunzi anajaribu "hii kikombe", mwalimu hasemi amekosea. Anashika kikombe na kurudia kwa utulivu, "Eeh, hiki ni kikombe," na safari ya tatu mwanafunzi anapatia. Kufika dakika ya 12 wanauziana: "Nyanya hizi bei gani?" "Shilingi mia mbili." "Punguza kidogo!" Darasa linacheka kwa Kiswahili. Huyo ndiye anayeajiriwa.

Wajua kwamba ngeli unazozijua huenda wanafunzi wako wanazijua kwa namba? Aliyesoma Kenya amezoea A-WA, KI-VI, LI-YA. Vitabu vingi vya vyuo vya ng'ambo vinaita KI-VI ngeli ya 7 na 8, na LI-YA ya 5 na 6, kwa kufuata mpango ulioanzishwa na Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na kuendelezwa na Meinhof, yuleyule aliyefanya kazi na Mtoro. Jifunze mipango yote miwili. Kazi ya jioni moja tu, na itakuepusha na aibu ya kuulizwa kuhusu "ngeli ya 9" ukabaki kimya.

Jifunze pia vipimo. Ulaya, kozi hupangwa kwa ngazi za A1 hadi C2, mfumo uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Marekani wana ngazi zao za ACTFL, zinazopimwa kwa mahojiano ya mdomo ya dakika 15 hadi 30. Mwalimu anaweza kufunzwa na kuthibitishwa kuwa mpimaji wa mahojiano hayo kwa Kiswahili, na ni kipato cha pembeni cha halali ambacho wengi hawakifikirii.

Kuhusu kufundisha kwa intaneti: majukwaa kama italki na Preply yanapokea walimu wa Kiswahili. Soma masharti ya makato kabla hujajisajili, hasa yahusuyo somo la kwanza la majaribio, maana kuna jukwaa linalochukua malipo yake yote. Na kuwa nyumbani kwako hakufuti sheria ya viza wala ya kodi ya nchi unayoishi.

Wajua kwamba kwa Mkongo wa Bukavu au Mrundi wa Bujumbura, lugha ya kumpa kazi haraka huenda isiwe Kiswahili bali Kifaransa? Kanada ina upungufu wa walimu wa Kifaransa, na tangu 2023 ina utaratibu maalumu wa kuwachagua wahamiaji wanaokijua. Leseni ya ualimu hutolewa na kila jimbo, si na serikali kuu, na uipe muda, maana huchukua miezi. Ndugu zetu wa Kongo wana jambo jingine la kujivunia: wakimbizi wengi waliopelekwa Marekani wanazungumza Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, na mwalimu anayekimudu hicho pamoja na Kiswahili sanifu anafaa shuleni na katika mashirika ya kupokea wageni. Ila ukalimani ni fani nyingine, yenye mafunzo na maadili yake. Asikubali mtu kufanywa mkalimani wa hospitalini kwa sababu tu ni mwalimu wa lugha.

Na vyeti? Nchi uendayo itataka ithibitishe shahada yako ina uzito gani kwao. Uingereza kuna UK ENIC. Ujerumani, anza na kanzidata iitwayo anabin, uone kama chuo chako kimo na kimepewa alama gani. Kabla ya kuondoka, chukua chuoni nakala rasmi kadhaa za matokeo, zilizogongwa muhuri na kufungwa katika bahasha. Kuziagiza ukiwa mbali kunagharimu nauli ya ndugu, siku nzima ya foleni, na wakati mwingine nafasi yenyewe.

Mwisho, kwa walio bado nyumbani: wajua kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, huendesha mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni na lina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili? Shahada ya Kiswahili hukufundisha fasihi na sarufi ya kumfundisha mtoto wa Morogoro au Kakamega. Kumfundisha mtu wa Osaka ni ujuzi mwingine, na hapo ndipo pa kuupata kwa gharama nafuu kuliko ya ng'ambo. Jisajili. Kisha watafute wenzako wa CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani. Katika mikutano yake utakutana na watu wanaofanya kazi unayoitaka, na nafasi nyingi hujulikana huko kabla hazijatangazwa.