Mpira hurudi ulipotoka, lakini si jinsi ulivyotoka

MPIRA unaobingirika ni jambo ambalo hata mtoto mchanga hulifahamu. Hata hivyo, mwendo huo huo ndio msingi wa tawi la hisabati linalowasaidia wahandisi kuelekeza mikono ya roboti na kamera za setilaiti.

Chukua mpira wenye mzingo wa sentimita 40, utie alama ya wino juu kabisa, kisha uuweke mezani. Ubingirishe sentimita 10 kuelekea mashariki, 10 kaskazini, 10 magharibi na hatimaye 10 kusini. Usiuache uteleze wala uzunguke papo hapo kama pia.

Mpira utarejea pale pale ulipoanzia, lakini alama haitakuwa juu tena. Itakuwa ubavuni, ikitazama kusini. Ni hadi safari hiyo ifanywe mara 3 ndipo alama itakaporudi juu.

Sababu ni kwamba meza ni bapa ilhali mpira umepinda. Mezani, anayekwenda mashariki kisha kaskazini hufika mahali pamoja na aliyeanza na kaskazini. Migeuko ya mpira haina uhuru huo. Mgeuko upi umetangulia ni jambo linalobadilisha matokeo.

Mnamo 1775, mwanahisabati Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kwamba tufe likigeuzwa kwa namna yoyote huku kitovu chake kikitulia, matokeo ni sawa na mgeuko mmoja tu kuuzunguka mhimili mmoja. Kwa hivyo, hatua zile 4 za mezani ni sawa na mgeuko mmoja wa nyuzi 120.

Kila mgeuko huandikwa kwa matriksi, yaani jedwali la nambari 9 katika safu 3 za mlalo na 3 za wima. Matriksi 2 za aina hiyo zikizidishwa, jibu nalo huwa ni mgeuko. Aidha, kila mgeuko una mwenziwe wa kuutangua. Ndiyo maana wanahisabati huuita mkusanyiko huo kundi. Kundi lenyewe ni umbo lililopinda, mithili ya uso wa mpira.

Hapo ndipo mhandisi hupata taabu. Akitaka roboti ihame polepole kutoka mwelekeo mmoja hadi mwingine, huenda akashawishika kutafuta wastani wa nambari za matriksi hizo mbili. Njia ya mwongo ni fupi. Wastani wa kutogeuka kabisa na kugeuka nyuzi 180 si mgeuko hata kidogo: huangusha kila nukta kwenye mhimili, kana kwamba kifaa kizima kimenywea kikawa uzi.

Mnamo 2007, Knut Hüper na Fátima Silva Leite walichapisha utafiti unaotumia kubingirika kama suluhisho. Kundi la migeuko hubingirishwa juu ya uso bapa unaoligusa, na mielekeo inayotakiwa ikahamishiwa huko. Njia laini huchorwa kwenye uso huo kwa hesabu za kawaida, kisha mwendo wa kubingirika huirudisha kwenye kundi.

Kwa vile hakuna kuteleza, urefu wa njia haupotei. Na kila hatua atakayopitia roboti, tangu mwanzo hadi mwisho, huwa ni mgeuko halisi.